MREJESHO: Shangazi aliyekimbia Palma amepatikana

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kumtafuta shangazi yangu, aliyepotea mji wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, uliposhambuliwa Machi 2021. Ahsanteni mno. Kuulizia kwenye orodha za wakimbizi waliopokelewa hakukusaidia, jina halikuwemo. Kilichozaa matunda ni ushauri wa kuwauliza wanaovuka mto Ruvuma pale Kilambo, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji. Sisi Wamakonde tuko ng'ambo zote mbili, habari hutembea. Niliwapa sauti niliyorekodi kwa Kimakonde, nikitaja ukoo na jina la bibi. Wiki ya tatu shangazi akapiga simu kutoka Pemba, ile ya Msumbiji. Nililia barabarani, Mtwara mjini, mchana kweupe. Ila kitindamimba wake bado hajulikani alipo. Jana nimepeleka maelezo ya mtoto huyo kwa Msalaba Mwekundu, hawatozi chochote.