Tupeane uzoefu: taa za kukuzia miche ndani, nyie mnaziwekaje?

Wadau mlio huku kwenye baridi, naomba tuongelee taa za miche. Mimi niko Minneapolis, bustani ya nje huiamini mpaka katikati ya Mei, kwa hiyo pilipili mbuzi nazisia ndani mwezi wa 3, usipofanya hivyo baridi inarudi hujachuma hata moja. Mwaka wa kwanza niliweka dirishani, zikarefuka kama uzi, zote zimeinamia kioo, ukigusa tu zinalala. Nikanunua taa za LED zile ndefu za gereji, mwanga mweupe, kelvini 6500 (hicho ni kipimo cha rangi ya mwanga), nikazifunga juu ya shelfu karibu mita nzima toka kwenye miche, mambo yakawa yaleyale!! Niliposhusha hadi sentimita 10 hivi ndo majani yakaanza kutoka mapana, kijani kimekolea. Sasa nimezitundika kwa mnyororo, miche ikipanda na mimi napandisha pete moja. Nyie je?

Toronto
Kaka mimi yangu yalikuwa kinyume. Huku bangi ni halali tangu Oktoba 2018, kila nyumba ruksa miche minne, nikanunua paneli ya LED kubwa nikaiweka sentimita 25 tu juu ya miche ya wiki moja, nikijua naisaidia. Siku ya tatu kingo za majani zimekunjika kwenda juu kama mtumbwi, ncha zimepauka. Nikadhani kiu, nikamwaga maji, mmoja ukaoza shina ukafa, uliniuma sana. Kumbe mwanga umezidi. Nikapandisha taa hadi sentimita 60, nikapunguza nguvu kwenye dima (kile kitufe cha kupunguza mwanga) hadi robo, baada ya wiki majani mapya yakatoka yamenyooka. Nawasha masaa 18, giza 6. Nyanya nazo nazioteshea hapohapo ila masaa 16 yanatosha.
Halafu wati za kwenye boksi msiziamini jamani, yangu ya kwanza imeandikwa 1000, nilipopima kwenye soketi inakula 110 basi. Angalieni wati inazokula kweli.

Göteborg
Mimi nina mchicha na sukuma kwenye chumba kimoja ambacho ndo sebule ndo pa kulala. Desemba huku saa tisa na nusu alasiri jua limeshazama, bila taa hakioti kitu. Nilianza na ile ya zambarau, watoto wakalalamika macho, na kibaya zaidi chini ya ule mwanga huoni jani likianza njano mpaka limeharibika. Nimehamia nyeupe, naona kila kitu.
Kupima umbali natumia mkono: naweka mgongo wa kiganja pale majani yalipo, nahesabu nusu dakika, nikihisi joto napandisha. Ila hiyo ni ya joto tu, LED inaweza kuwa haichomi mkono na bado ikapausha majani kama ya kaka wa Toronto, kwa hiyo majani yenyewe nayaangalia kila asubuhi. Na nunueni taima, mimi nilikuwa nasahau naacha usiku kucha.

Minneapolis
Dada asante, taima sina, na mimi nimekuwa nazima nikikumbuka tu. Leo nikitoka kazini napitia dukani. Trei ya pili imeanza kuchipua jana, nitaweka picha Jumapili mnisaidie kuangalia shingo zake.