Ripita, meshi, adapta za umeme au kebo: kipi kitafikisha mtandao chumba cha nyuma?

Msomi_wa_Usiku:
Wakuu, naombeni ushauri kabla sijatoa pesa. Ruta iko sebuleni, mimi nafanyia kazi chumba cha mwisho, na katikati kuna kuta tatu za tofali. Nikikaa sebuleni mambo safi. Nikiingia chumbani, sauti inakatika, picha inaganda, na wenzangu kwenye mkutano wanabaki kuuliza, "Bado upo?" Mmoja ameniambia ninunue ripita, mwingine meshi, mwingine zile adapta zinazopitisha mtandao kwenye nyaya za umeme. Kipi kinafaa kweli?

FundiKoleo:
Pima kwanza, ndugu yangu. Ukiwa chumbani, piga ping (kipimo cha muda ambao jibu linachukua kurudi) kwenda kwenye anwani ya ruta yako, mara nyingi ni 192.168.1.1, iache dakika tano. Kisha rudia sebuleni. Chumbani kukiwa kubaya na sebuleni kuzuri, tatizo ni Wi-Fi. Kote kukiwa kuzuri na mkutano bado unakatika, basi tafuta tatizo nje ya nyumba, kwa anayekuletea intaneti. Hapo hakuna ripita itakayokusaidia.

Msomi_wa_Usiku:
Nimepima. Sebuleni milisekunde 2 hadi 4. Chumbani: 9, 140, 310, jibu halikurudi, 12, halikurudi tena.

Bi_Chaneli:
Basi ni Wi-Fi. Kabla ya kununua chochote, ondoa ruta sakafuni, ipandishe juu, mbali na friji na runinga. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi, jaribu masafa ya 2.4 GHz, yanapenya ukuta kuliko 5 GHz, ingawa yana msongamano. Chagua chaneli (njia ndogo ndani ya masafa hayo) 1, 6 au 11, maana hizo haziingiliani.

Ikishindikana, ndipo tuzungumze vifaa. Ripita ya bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo kasi inashuka karibu nusu. Halafu watu huichomeka ndani ya chumba chenye shida, inapokea mawimbi yaleyale dhaifu na kuyarudia. Mahali pake ni katikati ya njia. Meshi, yaani vituo kadhaa vinavyorusha Wi-Fi moja kwa pamoja, ni bora zaidi, hasa yenye redio ya pekee ya kuunganisha vituo vyake. Ila kuta tatu ni kuta tatu, hata kwa meshi.

Mpangaji_77:
Mimi siruhusiwi kutoboa ukuta, kwa hiyo natumia adapta za umeme, mwaka wa pili huu. Mwanzoni zilinitesa: nilizichomeka kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, kasi ikafa kabisa. Nilipochomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani zikatulia. Blenda ikiwashwa naona kasi inayumba, lakini kwa mikutano zinanitosha.

FundiKoleo:
Kwa mpangaji sina ubishi. Ila anayeweza kuvuta kebo, avute kebo. Kebo ya mtandao ya Cat5e inabeba Gbps 1 (gigabiti, yaani Mbps 1000) hadi mita 100, na ukuta hauihusu. Nunua ya shaba tupu, achana na ya alumini iliyopakwa shaba, hiyo hukatika ndani ukiikunja.

Mwisho wa kebo unaweza kuweka ruta yako ya zamani irushe Wi-Fi chumbani. Ipe kwanza anwani 192.168.1.2, ndipo uzime DHCP, kazi ya kugawia vifaa anwani, ibaki kwa ruta ya sebuleni. Kebo iingie tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la intaneti kutoka nje). Jina la Wi-Fi na nywila viwe vilevile, chaneli iwe tofauti.

Mpangaji_77:
Hilo la WAN lizingatie sana. Nilikosea siku moja, kompyuta za sebuleni zikaacha kuiona printa ya chumbani. Kumbe ruta ya pili ilikuwa imejitengenezea mtandao wake.

Msomi_wa_Usiku:
Nimerudi. Nimepitisha mita 18 juu ya dari, nimebana plagi mwenyewe. Ping ya chumbani sasa haifiki milisekunde 1! Lakini ruta ya chumbani inaonyesha muunganisho wa kebo hiyo ni Mbps 100 badala ya 1000. Ruta zote mbili zina matundu ya gigabiti.

FundiKoleo:
Mbps 100 inahitaji nyaya 4 tu kati ya 8, za chungwa na za kijani. Gigabiti inataka zote. Shuku bluu au kahawia. Chukua tochi, tazama plagi kwa mbele, kila waya lazima ufike mwisho kabisa. Mpangilio, pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Msomi_wa_Usiku:
Ni kahawia. Umeishia kama milimita mbili kabla ya meno ya plagi, kwa ubavuni unaonekana umeingia vizuri tu. Nimekata, nimenyoosha nyaya upya, nimezisukuma mpaka zikagusa mwisho, nikabana. Sasa inasoma 1000. Leo nimekaa kwenye mkutano saa moja na nusu, na hakuna aliyeniuliza kama nipo. Asanteni sana, wote.