Ziara ya maeneo ya Game of Thrones huko Ireland Kaskazini: tiketi za Dublin, viza na mpangilio wa siku

Ndugu wanajamii,

Salamu kwenu nyote. Sisi ni familia mbili za hapa Midlands, Uingereza, watu wazima wanne na watoto watatu, na tunakusudia kutumia siku nne kutembelea mahali ilikorekodiwa tamthilia ya Game of Thrones. Bei ya tiketi za ndege za kwenda Dublin imetuvutia sana, nasi tunafikiria kukodi gari hukohuko na kuendesha hadi Belfast, mji mkuu wa Ireland Kaskazini, kwa kuwa tumeambiwa kwamba mpakani hakuna anayesimamishwa. Naomba waliokwisha kwenda watueleze kama mpango huu una kasoro, na ni maeneo gani yanayostahili safari yenyewe.

Wenu, Leicester.

---

Ndugu wa Leicester,

Kasoro ipo, tena iko kwenye tiketi zenyewe, kwa hiyo nakusihi usilipe chochote kabla ya kusoma haya. Viza au kibali cha ukaazi cha Uingereza hakimpi mwenye pasipoti ya Kenya au ya Tanzania ruhusa ya kuingia Jamhuri ya Ireland, iliko Dublin, ambayo ni nchi nyingine yenye sheria zake za uhamiaji na viza yake inayoombwa peke yake. Ni kweli kwamba barabara ya Dublin kwenda Belfast haina kizuizi, lakini ukaguzi utakukuta mapema zaidi, kwenye kaunta ya shirika la ndege, kabla hujaiona hiyo barabara.

Nasema hivi kwa sababu yalitupata. Mhudumu wa kaunta aliipekua pasipoti ya shemeji yangu ukurasa kwa ukurasa kuanzia nyuma, akarudia kuanzia mbele, kisha akauliza viza ya Ireland iko wapi. Shemeji alimpa kadi yake ya ukaazi, naye akaisukuma kurudi upande wetu kwa kidole kimoja. Sisi wenye pasipoti za Uingereza tuliondoka, yeye akarudi nyumbani na begi lake, na nauli yake haikurudishwa. Katika familia zetu ambamo aghalabu watoto wana pasipoti za Uingereza huku mzazi mmoja akiwa bado na ya nyumbani, jambo hili ndilo la kupanga kwanza, hata kabla ya kuchagua kasri.

Nendeni moja kwa moja Belfast, ambako kuna viwanja viwili vya ndege na safari kutoka miji mingi ya Uingereza. Hiyo ni safari ya ndani ya nchi, kwa kuwa Ireland Kaskazini ni sehemu ya Uingereza, ingawa shirika la ndege litataka kitambulisho chenye picha, na pasipoti ndiyo salama zaidi. Wanaopenda kwenda na gari lao wanaweza kuvuka kwa feri kutoka Cairnryan, Scotland, kwa muda wa saa mbili na kitu. Kama mtakodi gari, kumbukeni pia kwamba leseni tulizokuja nazo kutoka nyumbani hutumika kwa miezi 12 tu tangu mtu aanze kuishi hapa.

Kuhusu maeneo, ningewashauri mgawe ramani katika pande mbili na msijaribu kuzichanganya katika siku moja. Upande wa kusini, katika County Down, yupo mshindi wangu, Castle Ward, karibu na kijiji cha Strangford, ambako ua wa zamani wa shamba ndio uliogeuzwa kuwa Winterfell, ngome ya familia ya Stark katika tamthilia. Kompyuta iliongeza kuta na minara mingi, kwa hiyo anayetarajia ngome kubwa atashangaa, lakini mnara wenye saa bado upo, na watoto watautambua kabla yenu. Siku hiyohiyo mnaweza kupita magofu ya Inch Abbey karibu na Downpatrick, na msitu wa Tollymore, walikookotwa watoto wa mbwa-mwitu katika kipindi cha kwanza.

Upande wa kaskazini, katika pwani ya Antrim, msikose bandari ndogo ya Ballintoy, iliyotumika kama Visiwa vya Chuma (Iron Islands) vya tamthilia. Barabara yake ya kushuka ni nyembamba na ina kona kali, basi dereva asiwe yule anayetaka kupiga picha. Dark Hedges, ile njia yenye miti iliyokumbatiana juu, ilipandwa karibu mwaka 1775, na cha ajabu ni kwamba mahali hapa panapopigwa picha kuliko pengine pote palionekana katika tamthilia kwa muda mfupi mno, Arya, binti mdogo wa familia ya Stark, alipokuwa akitoroka, mwanzoni mwa msimu wa pili. Magari hayaruhusiwi kupita chini ya miti tangu mwaka 2017, na mwaka 2023 miti sita iliyooza ilianza kukatwa kwa ajili ya usalama, kwa hiyo picha mlizoziona mtandaoni zina miti mingi zaidi ya mtakayoikuta. Fikeni mapema asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii.

Mkishawishika kuendelea hadi Derry, chungeni ramani ya simu, kwa maana huweza kuwapitisha Donegal, iliyo ndani ya Jamhuri ya Ireland, kwa kufupisha njia. Mkiona vibao vya mwendo vimebadilika kutoka maili kuwa kilomita, na mstari wa ukingo wa barabara umekuwa wa manjano, mmekwisha kuvuka mpaka.

Wenu, Leeds.

---

Nakubaliana na ndugu wa Leeds, isipokuwa naona siku ya mvua haikupewa nafasi, nayo huko haikosekani. Studio za mji wa Banbridge, ambako baadhi ya sehemu za tamthilia zilirekodiwa, zilifunguliwa kwa wageni mwezi Februari 2022, na humo mtaona mavazi, silaha na kumbi zenyewe mkiwa chini ya paa. Tiketi zikatwe mapema. Katika eneo la Titanic Quarter mjini Belfast kuna madirisha sita ya vioo vya rangi yanayosimulia tamthilia, nayo hutazamwa bure. Msiende Desemba, kwa kuwa jua huzama karibu saa kumi jioni na Ballintoy mtaiona gizani, ilhali mwezi Juni mwanga hudumu hadi karibu saa nne usiku.

Jambo dogo la mwisho: mabenki ya kule hutoa noti zao za pauni. Ni halali, lakini keshia wa huku mara nyingi huzigeuzageuza na kuzikataa, kwa hiyo zimalizeni kabla ya kupanda ndege.

Wenu, Coventry.