Ushauri wakuu: kisiki cha mwembe kimenishinda, nikodi trekta au kijiko?

MtotoWaGoba:
Habari za jioni wakuu. Nina kiwanja huku Goba, nataka nianze msingi kabla masika hayajaingia. Kinachonikwamisha ni kisiki cha mwembe. Mti ulikatwa mwaka juzi, kimebaki kipande cha kama mita moja juu ya ardhi. Nimekizungushia futi ya fundi cherehani, mzingo mita 3 na sentimita 20. Na hakijafa! Nikikata machipukizi leo, baada ya wiki mbili tatu majani mengine mekundu yanachomoza pembeni. Vijana wawili wa sululu na shoka wamechimba siku tatu, wakakuta mzizi mnene kama paja langu, wakaniambia bosi tumalizane tu.

Sasa kuna mtu wa trekta anasema atafunga mnyororo, avute mara moja, kitoke. Mwingine ana kijiko, ile JCB ya matairi, ila bei yake ni zaidi ya mara mbili. Nichukue kipi? Naomba majibu ya haraka, hata usingizi sipati.

Chapati Moto:
Ulikuwa wa dodo au boribo? Maana kama ulikuwa boribo, mimi ushauri sina, nina pole tu.

Dereva Mstaafu:
Kijana, nimeendesha trekta miaka 22, nyingi kwenye mashamba ya miwa. Sikiliza. Kisiki kibichi cha mwembe hakivutwi kwa trekta kikiwa na mizizi yake yote. Trekta ikivuta kitu kisichosogea, tairi za nyuma zikikamata ardhi zikagoma kuzunguka, nguvu ya injini haina pa kwenda, inainua mbele. Na kama mnyororo umefungwa juu, kwenye ile mikono ya kubebea jembe, trekta inapinduka kinyumenyume na kumlalia dereva. Haifiki sekunde mbili. Guu halijafika kwenye klachi, kazi imeisha. Mwenzangu alikwenda hivyo, mimi nimesimama hatua kumi. Kwanza niliona tairi za mbele zinaning'inia hewani, bado zinazunguka polepole. Mpaka leo nikiona trekta inavuta gogo, macho yangu yanakwenda kwenye tairi za mbele.

Mnyororo unafungwa kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini kabisa nyuma, chini ya ekseli. Wala si kamba ya nailoni, hiyo inanyumbuka na ikikatika inarudi kama fimbo. Na watu wakae mbali.

Kijiko ndiyo chombo cha kazi hii. Kishushe miguu yake, kichimbe mtaro kuzunguka kisiki, kama mita moja kutoka shinani, kikate mizizi ya pembeni mmoja mmoja. Baada ya hapo kiingie chini upande mmoja na kukisukuma juu. Hiyo mita moja uliyoacha usiikate, ndiyo mpini wako wa kukipindulia. Wengi wanakosea kukata mti usawa wa ardhi halafu hawana pa kusukumia.

Mama Wawili:
Mimi sijui mambo ya matrekta, nasema yaliyonipata. Mbagala tulikuwa na mkorosho. Marehemu mume wangu akakichoma kisiki kwa mkaa, tukalala na moshi wiki nzima, majirani wamenuna. Juu kikaisha, chini mizizi ikabaki. Shimo tukajaza kifusi na takataka za nyumbani, tukajenga chumba cha watoto juu yake. Mvua za mwaka wa tatu sakafu ikazama, ukuta ukapasuka kutoka dirishani hadi chini, mkono unapita. Mizizi inaoza na kuacha mapango, na mchwa nao wanafuata humo humo. Kwa hiyo baba, ukishakitoa, hilo shimo lishindiliwe tabaka kwa tabaka, maji kidogo, tabaka jingine. Msishindilie siku moja tu juu juu. Na kama unaweza, usipitishe msingi hapo kabisa.

Halafu vijana mna haraka. Mwembe mkubwa hivyo ulilisha watu wangapi?

Kipimo:
Ushauri wote mzuri, ila hakuna aliyeuliza. Mkuu, kisiki kiko wapi ndani ya kiwanja? Kuna bomba la maji, karo, ukuta? Umbali gani?

MtotoWaGoba:
Ahsanteni sana. Mzee Dereva, pole kwa mwenzako. Lakini huyu wa trekta ana uzoefu, nimeona kazi zake. Isitoshe nimeshampa kianzio cha laki moja, anakuja Jumamosi.

Kipimo, kipo pembeni. Kuna ukuta kama mita moja na nusu hivi. Si wangu, wa jirani. Hata hivyo ni ukuta wa tofali za inchi 5, hauna msingi wa maana.

Kipimo:
Hauna msingi wa maana ndiyo hatari yenyewe, wewe unaitaja kama nafuu. Mwembe wa mzingo huo mizizi yake ya pembeni imeshapita chini ya ukuta zamani. Ukiuvuta mzizi unakuja na ukuta. Upande wa ukuta hakivutwi kitu: mizizi ikatwe kwa mkono na kuachwa huko huko. Na mwenye ukuta anajua?

Msemakweli77:
Wakuu mnajisumbua, hii ni chai. Mwezi wa nne huyu huyu aliandika hapa anadaiwa kodi miezi mitatu Tabata, anaomba ushauri wa kumkwepa mwenye nyumba. Leo ana kiwanja Goba, ana JCB, anaanza msingi. Na mwembe wa mita 3? Huo ni mbuyu. Leta picha, la sivyo tufunge uzi.

Chapati Moto:
Nilikuwa nishaanza kuhurumia kisiki.

Mzee wa Chanika:
Msemakweli, kwenye mwembe umekosea. Kwa bibi yangu Kisarawe upo ambao watu wawili tukinyoosha mikono hatukutani. Mita 3 ya kuuzungusha ni kipenyo cha mita moja tu. Kuhusu kodi ya Tabata sina la kusema.

Mama Wawili:
Mtu akidaiwa kodi hawezi kuwa na kiwanja cha urithi? Mwacheni ajibu.

MtotoWaGoba:
Sina sababu ya kudanganya. Tabata nilipanga na niliondoka, deni nimelimaliza. Nimerudi kwa mama. Kiwanja ni cha marehemu baba, hakijapimwa, tuna karatasi ya serikali ya mtaa tu.

Jirani mwenye ukuta ni baba mdogo. Mwembe alipanda babu, na alipowagawia wanawe eneo aliwaambia mpaka ni mwembe. Ukatwe usikatwe, shina ndiyo mpaka. Baba mdogo aliukata mwaka baba alipofariki, hakumwuliza mama. Hatusalimiani tangu siku hiyo. Nilitaka kitoke Jumamosi kwa sababu yeye anakwenda msibani Lindi. Sikuona kama hilo linahusu trekta.

Picha siweki, nyumba yake inaonekana.

Msemakweli77:
Hapo nakuamini, samahani ndugu yangu. Mtu hatungi kitu cha kumuumiza hivi.

Kipimo:
Mdogo wangu, unakwenda kung'oa bikoni pekee mliyonayo, mwenzio akiwa safarini. Akirudi akisema mpaka ulikuwa mita tatu ndani kwenu, utamwonyesha nini? Shimo? Atakwenda baraza la kata, akishindwa kusuluhishwa anakupeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na wewe ndiye utakayeonekana uliyefuta alama.

Kabla ya chombo chochote: mwite mwenyekiti wa mtaa, mjumbe, majirani wawili wa zamani, na baba yako mdogo. Pimeni kutoka katikati ya kisiki hadi kona ya nyumba yenu, hadi kona ya nyumba yake, na hadi nguzo ya umeme kama ipo. Andikeni, wote wasaini. Chimbieni nguzo za zege mbili kwenye mstari wa mpaka, mbali na shimo litakalochimbwa. Kisha ndiyo urudi kwa Mzee Dereva.

Dereva Mstaafu:
Hapo kuna jambo. Na hicho kianzio, mwombe huyo mtu atumie trekta lake kubeba kifusi. Hela yako haitapotea na yeye atafika kwake salama.

Mzee wa Chanika:
Kama gogo lenyewe lipo bado, mbao za mwembe zinafaa vinu na mizinga. Nina mteja.

MtotoWaGoba:
Gogo alilichukua yeye.

Nimeongea na mtu wa trekta, amenuna lakini amekubali habari ya kifusi. Mama kaenda kwa mwenyekiti. Baba mdogo nimempigia mara mbili, simu inaita tu. Nitampigia tena baada ya swala ya Isha, huwa anapokea muda huo.