Mwanamume apewe haki ya kisheria ya kukataa ubaba? Karibuni tujadili

Nahodha (mleta mada)

Wakuu, salaam. Najua kwa hili mtanirushia mawe, lakini nalileta hivyo hivyo.

Watu wazima wawili wamekutana kwa hiari yao, hakuna aliyepanga mtoto, mimba imeingia. Katika nchi ambazo sheria inaruhusu kutoa mimba, mwanamke ana uamuzi wa kuilea au kuitoa. Hata akishajifungua bado ana njia: anaweza kumtoa mtoto aasiliwe. Ufaransa anaruhusiwa kujifungua hospitalini bila kutaja jina lake, akaondoka. Marekani, kuanzia Texas mwaka 1999, majimbo yote yameweka sheria za kumkabidhi kichanga mahali salama, kama hospitali, bila mama kushtakiwa. Mwanamume hana hata njia moja. Kwake yeye mambo yaliisha usiku ule ule. Kilichobaki ni kusubiri aambiwe, kisha alipe matunzo mpaka mtoto awe mtu mzima.

Ninachopendekeza: mwanamume ambaye hajamuoa huyo mwanamke, akiarifiwa kuhusu mimba, apewe muda mfupi wa kutia saini kwamba anaachia haki zote na wajibu wote. Halipi matunzo, lakini pia hana ruhusa ya kumwona mtoto, hana kauli juu ya shule wala matibabu yake, na hawarithiani. Atie saini mapema, wakati mama bado ana nafasi ya kuamua akijua kabisa kwamba atakuwa peke yake.

Wazo si langu. Mwaka 2016 tawi la vijana wa chama cha Liberali magharibi mwa Uswidi lilipendekeza hivyo, ukomo ukiwa wiki ya 18 ya mimba, sawa na ukomo wa mwanamke kutoa mimba kwa hiari yake nchini humo. Halikuwa sheria. Na msije mkasema ni wazo la wachukia wanawake: Karen DeCrow, mwanasheria aliyeongoza shirika la wanawake la NOW la Marekani kuanzia 1974 hadi 1977, alitetea msimamo wa namna hii hii. Mwanamke anayejiamulia mambo yake, alisema, asitegemee mwanamume agharamie uamuzi ambao hakushirikishwa.

Tausi

Kaka Nahodha, kwani wanaume wanasubiri sheria? Mimba zinakataliwa kila siku bila karatasi. Simu haipatikani, mtu kahama, ndugu zake wanakwambia "hata sisi hatumwoni". Wewe unachoomba ni mhuri tu.

Kijana Huru

Dada Tausi, hao ni watoro. Mada inamhusu anayesema ukweli mapema. Marekani kijana mmoja wa Michigan, Matt Dubay, alikwenda mahakamani mwaka 2006 akidai kwamba mpenzi wake alimhakikishia hawezi kushika mimba na isitoshe anatumia kinga. Mimba ikaingia, akatakiwa alipe. Alisema wazi tangu mwanzo kwamba hakutaka mtoto. Kosa lake nini hapo? Kuamini? Kutegeshewa mimba kupo, tusijifanye hatujui.

Wakili Mstaafu

Kesi ya Dubay ilitupwa mwaka huo huo wa 2006, na mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo mwaka 2007. Nieleze kwa nini mimi pia ningeitupa.

Mkuu Nahodha, hoja umeipanga vizuri, ila umehesabu watu wawili na kesi hii ina watatu. Nimeshughulika na mashauri ya matunzo kwa miaka mingi, na kuna jambo ambalo wanaume wengi hawalielewi hata wakiwa wamesimama mbele ya hakimu: anayedai si mama. Mama ni mpokeaji tu. Nimeona mama akileta karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, "simdai huyu bwana chochote", imesainiwa na mashahidi wawili, na hakimu akaisoma, akaikunja, akaiweka pembeni. Hawezi kusamehe deni lisilo lake. Sasa kama mama, mwenye uchungu wa kuzaa, hawezi kuiuza haki ya mtoto, baba ataiuza vipi kwa saini yake peke yake?

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umekaa hivyo hivyo. Kifungu cha 18 kinasema malezi ni wajibu wa wazazi wote wawili, na cha 27 kinazitaka nchi zihakikishe matunzo yanapatikana kutoka kwa wazazi hata kama mmoja yuko nchi nyingine. Hakuna mahali panapouliza kama mtoto alipangwa.

Na ile mifano ya kuasili na ya vichanga wanaoachwa hospitalini mnaitumia vibaya. Mtoto akiasiliwa anapata wazazi wengine. Wajibu unahama, haufutiki. Karatasi ya Nahodha haimhamishii mtu yeyote. Inafuta.

La mwisho, kisha niwapishe. Mnazungumza kana kwamba jambo hili ni jipya. Lilishajaribiwa, na kwa muda mrefu kweli kweli. Sheria ya Kiraia ya Ufaransa ya 1804, enzi za Napoleon, ilipiga marufuku kumtafuta baba mahakamani, isipokuwa pale mama alipokuwa ametoroshwa. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1912. Uingereza mwaka 1834 ilitunga sheria iliyombebesha mama peke yake mtoto wa nje ya ndoa, kwa hoja kwamba wanawake wanasingizia wenye fedha na kwamba wakibanwa watajiheshimu. Miaka 10 baadaye ikabidi ilegezwe, mama akaruhusiwa kumdai baba mbele ya hakimu. Kenya ilikuwa na sheria ya 1959 iliyomwezesha mama asiyeolewa kudai matunzo. Mwaka 1969 Bunge, karibu lote wanaume, likaifuta, na hoja zilikuwa zile zile za Kijana Huru. Ilipofika Katiba ya 2010, kifungu cha 53 kikaweka wajibu sawa kwa baba na mama, wawe wameoana au hawajaoana. Huko kote wanaume walikuwa nayo haki hiyo mnayoiomba. Nani aliibeba gharama yake, hilo si fumbo.

Nahodha

Wakili, nakuheshimu, lakini historia yako ina tundu kubwa. Mwanamke wa 1834 hakuwa na vidonge vya uzazi, hakuwa na njia halali ya kutoa mimba, na kazi yenye mshahara wa kueleweka ilikuwa ndoto. Wajibu wa baba ulikuwa na maana kwa sababu mama hakuwa na uamuzi wowote. Mimi nazungumzia nchi ambazo uamuzi upo.

Na hilo la "haki ya mtoto kuwa na wazazi wawili" mbona linapata usingizi mahali pengine? Uingereza mwanamume akitoa mbegu kupitia kliniki yenye leseni, sheria haimtambui kama baba na hadaiwi hata senti. Mwanamke akienda peke yake, mtoto anazaliwa ana mzazi mmoja kisheria, na serikali imeridhia. Kwa hiyo tumeshakubali kwamba mtoto anaweza kuwa na mzazi mmoja kwa mpango. Tofauti ya mtoa mbegu na mwanamume wangu ni kliniki tu?

Wakili Mstaafu

Tofauti ni wakati. Kwa mtoa mbegu, mama anajua kabla ya mimba kwamba yuko peke yake, na anaitafuta mimba hiyo kwa makusudi. Kwako anaambiwa ikiwa imeshaingia. Hata hivyo nakiri hiyo ndiyo hoja yako nzuri kuliko zote. Ila ujue hata huko Uingereza wameanza kurudi nyuma: aliyejiandikisha kutoa mbegu kuanzia Aprili 2005, mtoto akifika miaka 18 ana haki ya kumjua. Wamegundua kwamba mtoto naye ana maswali.

Mkunga

Sheria siijui, mimi nazalisha. Naomba kuuliza kuhusu muda, maana naona mnaupitia juu juu.

Mnasema aarifiwe mapema. Wiki ya 18? Mimi napokea mwanamke anakuja mara ya kwanza, napima tumbo, naona mimba ina wiki 22, na yeye anashangaa kuliko mimi. Siku zake hazijawahi kukaa sawa tangu avunje ungo, na mwezi uliopita aliona damu kidogo akadhani ndizo. Huyo si mwongo. Sasa baba yake mtoto ataarifiwa wiki gani? Kama muda umeshapita, je, amekosa haki yake? Au anaanza kuhesabiwa siku alipoambiwa, hata kama mama hana tena nafasi ya kuamua? Na nani atathibitisha kwamba aliambiwa? Ujumbe wa simu? Akisema hakuuona?

Kuna na hili. Nimewaona wanaume waliokataa mimba kwa ukali wa ajabu. Mtoto akizaliwa unamkuta mtu kasimama mlangoni mwa wodi na kimfuko mkononi, hajui aingie au arudi. Nikimwambia "ingia baba, mtazame", mara nyingi anaingia. Na karatasi yenu ikishasainiwa, huyo nimfukuze? Kwa sababu wiki ya 18 alikuwa na hofu?

Baba Pacha

Mkunga kaniwahi, lakini niongeze upande mwingine maana naona Wakili anapita kirahisi sana. Kansas, mwaka 1993, mahakama ya juu ya jimbo hilo iliamua kwamba mvulana aliyekuwa na miaka 13 mimba ilipoingia, mwanamke akiwa msichana mkubwa aliyekuwa akiajiriwa kumwangalia nyumbani, alipaswa kuchangia matunzo. Kwa sheria ya jimbo hilo hilo mtoto wa umri ule hawezi kuridhia tendo. Yaani aliyetendewa ndiye aliyedaiwa! Hoja ilikuwa ile ile ya Wakili: haki ni ya mtoto aliyezaliwa, na yeye hana kosa.

Kama kanuni inafika huko bila kusita, basi kanuni ina kasoro. Sisemi tumpe haki kila mwanamume aliyejiachia. Kwa hilo nampinga Nahodha kabisa. Mimi mwenyewe wanangu hawakupangwa, na walikuja wawili kwa mpigo. Nasema mtu ambaye hakuwahi kuridhia tendo lenyewe, wa jinsia yoyote ile, asidaiwe. Na aliyebambikiwa mtoto asiye wake, vinasaba vikasema hivyo, naye aachiwe. Hili la pili sidhani kama lina ubishi mkubwa.

Tausi

Hilo la mvulana naliunga mkono kwa mikono miwili.

Lakini niseme jambo litakalowashangaza. Kuna siku natamani karatasi ya Nahodha iwepo. Nimemlea wangu peke yangu. Kilichonichosha si kukosa hela yake, ni kungoja. Miezi mitatu anatuma, minne hatumi, ukimdai unaitwa msumbufu, mtoto anaahidiwa ziara haiji. Angetia saini mapema ningejipanga kivyangu.

Kinachonirudisha nyuma ni namna karatasi hiyo itakavyotumika. Mwanamume hataiweka kabatini akisubiri ofisi ifunguliwe. Atakushikia mkononi: "Toa, la sivyo nasaini." Mwanamke mwenye kazi nzuri atamwambia saini tu. Asiye nayo atafanya asichokitaka. Nahodha anasema inampa mama taarifa ya kumsaidia kuamua. Mimi naona inampa baba fimbo.

Labda serikali ilipe pengo, hapo ningeelewa.

Wakili Mstaafu

Ujerumani inafanya kitu cha karibu na hicho. Mzazi asipolipa, serikali inamtangulizia mtoto fedha za matunzo, na tangu 2017 hadi afike miaka 18. Ila haimsamehi mzazi; inageuka kuwa mdai wake, inamfuata yenyewe. Mama anatoka katikati. Kungoja anakokusema dada Tausi kunapungua bila kumwachia baba aende zake.

Kijana Huru

Basi serikali ilipe na isimfuate. Mbona rahisi?

Baba Pacha

Rahisi kwako. Mimi ninayelea wangu nilipe na kodi ya kulea wa kwako?

Mkunga

Nahodha hajanijibu. Na nina swali jingine: hoja yako yote imesimama juu ya mwanamke kuwa na uamuzi. Pale ambapo sheria hairuhusu kutoa mimba je? Hata huko Marekani, tangu Mahakama Kuu ilipoondoa ulinzi wa kikatiba mwaka 2022, majimbo kadhaa yameifunga njia hiyo.

Nahodha

Pale uamuzi haupo, haki ninayoidai nayo haipo. Tangu mwanzo nimefunga hivi viwili pamoja. Kuhusu kuarifiwa, nadhani mama akichelewa kujua, muda wa baba uwe umekwisha. Najua Kijana Huru hatapenda.

Kijana Huru

Sipendi kweli. Hapo unanipa haki ambayo kalenda ya mtu mwingine inaweza kuninyang'anya.

Tausi

Basi nchi nyingi tunazoishi sisi tunaoandika humu, mada imejifunga yenyewe. Kimebaki cha Baba Pacha: yule mvulana wa miaka 13. Wakili, wewe ungemtoza?

Wakili Mstaafu

Hapana. Ningeandika kwenye sheria kwamba aliyefanyiwa jinai hadaiwi matunzo, na fungu la mtoto litoke serikalini moja kwa moja. Nahodha, hiyo ndiyo saini pekee ambayo ningekubali kuishuhudia, na huyo hata kusaini asingehitaji.