Dogo wa Kigoma anataka udiplomasia, aanzie wapi?

Wakuu habari, mdogo wangu yuko fomu siksi hapa Kigoma, ndoto yake ubalozi tu, je lazima asome sheria?

Mkuu si lazima. Kuna Chuo cha Diplomasia kule Kurasini, Dar, kina jina la Salim Ahmed Salim, na huyo mzee alikuwa balozi Misri 1964 akiwa na miaka 22 tu, akaenda Umoja wa Mataifa, akawa waziri mkuu, halafu katibu mkuu wa OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, 1989 mpaka 2001, miaka 12 jamani!

Akazanie Kifaransa, nasisitiza. Hapohapo Kigoma mjini kuna ubalozi mdogo wa Burundi na wa Kongo, na huko kote Kifaransa kinatumika.

Asanteni sana ndugu zangu, Kifaransa hatukukiwaza kabisa, namwambia leoleo.