Petroli ya 95 au ya 98 kwa gari lenye turbo, wakati huu wa bei kupanda

Usukani_Mkali (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu kila nikiligusa mbele ya marafiki hugeuka ubishi wa ushabiki. Nina gari dogo lenye mbio, injini ya lita 2.0, silinda nne na turbo. Ndani ya kifuniko cha tangi kuna kibandiko chenye namba mbili: 98, na chini yake, kwa herufi ndogo, 95 kuwa kiwango cha chini kabisa. Tangu nilinunue sikuwahi kulitilia kitu kingine zaidi ya 98. Sasa mafuta yamepanda, na kila nikisimama kituoni najikuta naitazama pampu ya 95 kwa jicho la tamaa.

Nimejaribu kupima mwenyewe: matangi manne ya 98, kisha matangi manne ya 95, njia ile ile ya kwenda na kurudi kazini, matairi yakiwa na upepo ule ule, na kila mara nikijaza mpaka pampu ikate yenyewe. Kwa 98 nilipata wastani wa kilomita 10.2 kwa lita. Kwa 95 nikapata 9.9. Bei ya 98 iko juu ya ile ya 95 kwa asilimia 12. Katika mwendo wa kawaida sikuona tofauti yoyote, ila nilipokanyaga mafuta mpaka mwisho nikiwa gia ya tatu, gari lilikuwa zito kama mtu aliyetoka kula. Je, naokoa fedha, au naiua injini polepole?

Kopo_la_Oili

Tia 98 ulale usingizi. Anayefuga farasi wa mbio haulizi bei ya nyasi.

Fundi_Spana

Ndugu Kopo, farasi huyo aliletwa na kitabu kinachosema nyasi za aina mbili anakula, kwa hiyo swali la mwenzetu ni halali.

Tuanze na neno oktani, maana ndilo linalotuchanganya. Wengi hudhani ni kipimo cha ukali wa mafuta, kumbe ni kipimo cha uvumilivu wake: mafuta yenye oktani kubwa huvumilia joto na kubanwa bila kujiwakia kabla moto ulioanzishwa na plagi haujayafikia. Kipimo chenyewe kilijengwa juu ya vimiminika viwili, iso-oktani iliyopewa 100 na heptani iliyopewa 0, na petroli ya 95 ni ile inayovumilia sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za iso-oktani na sehemu 5 za heptani. Nishati iliyomo katika lita moja ya 95 na lita moja ya 98 inakaribiana sana. Tena kama oktani imepandishwa kwa kuongezwa ethanoli, lita hiyo inaweza hata kuwa na nishati pungufu, kwa kuwa ethanoli ina takribani theluthi mbili tu ya nishati ya petroli kwa ujazo ule ule.

Uvumilivu huo una faida kwako kwa sababu hewa ya injini yako hushindiliwa mara mbili, kwanza na turbo, kisha na pistoni. Moto wa plagi husambaa kutoka katikati kwenda pembezoni mwa silinda, na mafuta yaliyoko pembezoni yakishindwa kusubiri zamu yao hulipuka yote kwa pamoja na kuupiga uso wa pistoni. Sauti yake ni kama kayamba linalotikiswa kwa mbali. Naomba tusilichanganye hili na usemi wa mitaani kwamba injini “imenoki”, ambao kwa kawaida una maana kwamba beringi zimekwisha na injini imekufa. Huku kugonga kwa mwako kunaweza kuendelea kwa muda mrefu bila dereva kukusikia, hasa akiwa amefungulia redio.

Kwenye bloku ya injini yako kumefungwa sensa ya kugonga, ambayo ndani yake mna kijiwe kinachotoa umeme kidogo kinapotikiswa. Kompyuta ikiupata umeme huo hurudisha cheche ya plagi nyuma, yaani huichelewesha, kwa nyuzi kadhaa za mzunguko wa injini, na ikiendelea kusikia kugonga hupunguza pia upepo wa turbo. Huko ndiko ilikokwenda nguvu yako ya gia ya tatu. Injini haifi kwa hilo; inajilinda, na wewe unalipia ulinzi huo kwa nguvu na kwa mafuta kidogo. Kwa kuwa mtengenezaji ameandika 95 kuwa kiwango cha chini, maana yake ameipima injini na kuona kwamba ulinzi huo unatosha.

Dada_Rekodi

Naongeza nilichokiona kwa macho, kwani gari langu lina injini inayofanana na hiyo na huwa nalisafiria nikiwa nimechomeka chombo cha kusomea kompyuta yake. Asubuhi ya baridi, nikiwa na 95, kompyuta haikurudisha cheche nyuma zaidi ya nyuzi 1.5 hata nilipokanyaga kwa nguvu. Mchana wa siku ile ile, baada ya kukaa foleni mpaka hewa inayoingia kwenye injini ikafika nyuzi joto 55, nilikanyaga mlimani nikiwa gia ya tatu na cheche ya silinda ya tatu ikarudishwa nyuma nyuzi 5. Mafuta yale yale, tangi lile lile, dereva yule yule. Kwa hiyo anayesema “mimi natia 95 na sioni tofauti” na anayesema “tofauti ni kubwa mno” huenda wote wawili wanasema kweli, ila mmoja ameendesha alfajiri na mwingine saa nane mchana.

Mfano mzuri wa mtengenezaji aliyesema wazi ni Mazda. Injini yake ya turbo ya lita 2.5, ilipotoka katika CX-9 ya mwaka 2016 kule Marekani, ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 227 kwa petroli ya kawaida ya 87 na 250 kwa ile ya 93. Nguvu ya msokoto (torque), ile inayosukuma gari kutoka mizunguko ya chini, ilitangazwa kuwa moja kwa mafuta yote mawili. Ndiyo maana mtu anayeendesha taratibu mjini hawezi kuitambua tofauti hiyo hata ukimfunga kitambaa machoni (natania, asifungwe).

Chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilipima mwaka 2017 magari ambayo watengenezaji wake wanashauri petroli ya daraja la juu bila kuilazimisha, na wastani uliopatikana ulikuwa ongezeko la asilimia 2.7 katika umbali kwa lita na asilimia 1.4 katika nguvu. Vipimo vya mwanzisha mada, yaani 9.9 dhidi ya 10.2, ni asilimia 3. Amepima vizuri.

Mzee_wa_Kabureta

Wanangu, namba hizo za 87 na 93 zisije zikamtisha mtu aliyezoea 95 na 98. Marekani huandika kwenye pampu wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON, ilhali nchi nyingi nyingine huandika RON peke yake, na RON ndiyo kubwa kati ya hivyo viwili. Hiyo 91 ya Marekani inakaribiana na 95 ya kwingine, na 93 yao ni kama 98. Nimewahi kumwona kijana anayelilia petroli ya 98 kwa sababu kitabu cha gari lake lililotoka ng'ambo kilisema 91 “ya juu”, na kijana mwingine, jambo ambalo ni baya zaidi, aliyedhani 91 ya kitabu chake ni ile ile 91 ya pampu iliyokuwa mbele yake.

Langu la pili ni kwa wenye magari ya kizamani. Kwetu hakuna sensa wala kompyuta ya kutusamehe. Taiming'i, yaani wakati wa cheche, imefungwa kwa mkono kwenye distribyuta, na mafuta yakiwa dhaifu injini itagonga na kuendelea kugonga mpaka uinue mguu. Ukiwa na gari la namna hiyo, haya mazungumzo ya kuokoa kwa kushuka daraja hayakuhusu.

Mpiga_Hesabu

Shikamoo Mzee. Naomba nije kwenye fedha, kwa sababu ndizo zilizoanzisha mada.

Gharama ya kilomita moja kwa 98 ni bei iliyozidi asilimia 12, ikigawanywa kwa umbali uliozidi asilimia 3. Jibu ni kwamba kila kilomita ya 98 inamgharimu mwenzetu asilimia 8.7 zaidi. Ili 98 ijilipie yenyewe kwa umbali peke yake, tofauti ya bei ingepaswa kuwa asilimia 3 tu. Kwa hiyo anayesema kwamba petroli ya juu “inajirudishia” kwa kulipeleka gari mbali hajakaa na karatasi.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wengi hulitazama kinyume. Bei zinapopanda, tofauti ya fedha kati ya madaraja mawili mara nyingi haipandi kwa kasi ile ile. Tuseme zamani 95 iliuzwa 100 na 98 ikauzwa 118; tofauti ilikuwa asilimia 18. Sasa 95 imefika 150 na 98 ni 168. Tofauti ni ile ile 18, lakini sasa ni asilimia 12 tu. Aliyeona zamani kwamba 98 inafaa kulipiwa hana sababu ya kihesabu ya kuikimbia leo, kwa maana uzito wa tofauti umepungua. Kinachomuumiza ni bei ya mafuta yote, nayo haitibiwi kwa kubadili pampu. Mahali ambapo tofauti yenyewe nayo imetanuka, hesabu hii inageuka, kwa hiyo kila mtu asome bango la bei la kituo chake.

Kuchanganya nako kunawezekana: nusu tangi ya 95 na nusu ya 98 ni takribani 96.5, na gharama inakaa katikati vilevile. Tuwe macho tu na vile vichupa vya kuongeza oktani, kwani “pointi” zinazotangazwa juu ya lebo kwa kawaida ni sehemu ya kumi ya namba moja. Pointi 10 zinaitoa 95 kuifikisha 96, mara nyingi kwa bei ambayo ingetosha kununulia 98 yenyewe.

Pistoni_Iliyovunjika

Jina langu la humu linatosha kueleza, lakini nitasimulia kwa faida ya wenye magari yaliyobadilishwa programu. Gari langu liliandikiwa upya programu ya injini katika duka moja, na programu hiyo ilipangwa kwa 98. Turbo ilisukuma zaidi na cheche ikapangwa mapema zaidi. Mafuta yalipopanda nikasema, kama ninyi, kwamba kitabu kinaruhusu 95. Nilisahau kwamba kitabu kiliandikwa kwa programu ya kiwandani.

Nilianza kuona moshi wa buluu kila niachiapo mafuta kwenye mteremko. Fundi alipima kompresheni, silinda tatu zikawa sawa na ya nne ikawa nusu ya wenzake. Alipoitoa pistoni na kuiweka juu ya meza, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo kilikuwa kimemeguka kati ya ringi ya kwanza na ya pili, na ukingo wa juu ulikuwa na vitobo vidogo kana kwamba umedonolewa na kuku. Sensa ilikuwepo na ilikuwa nzima. Ila programu ile ilikuwa imeongeza ukomo ambao kompyuta huanza kuuhesabu kuwa kugonga, ili gari lisipoteze nguvu. Mwenye gari lililoguswa namna hii asisome kibandiko cha kifuniko cha tangi. Amwulize aliyeandika programu, na ikiwezekana apate jibu kwa maandishi.

Kopo_la_Oili

Pole sana, ndugu. Na ile hoja ya visafishio? Wanasema petroli ya juu husafisha injini.

Fundi_Spana

Wakati mwingine huwekewa visafishio zaidi, lakini inategemea muuzaji, na oktani yenyewe haisafishi chochote. Katika injini zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haipiti kabisa juu ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo masizi ya pale hayatasikia dawa hiyo hata ukitia 98 maisha yako yote. Nozeli zitafaidika, basi.

Kwa mwanzisha mada nina nyongeza moja. Katika turbo ndogo za siku hizi kuna mlipuko wa mapema unaotokea dereva akikanyaga kwa nguvu huku mizunguko ikiwa chini na gia iko juu. Huo hautegemei oktani kama unavyotegemea oili, na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya daraja la oili liitwalo API SP, lililoanza mwaka 2020, liwe na kipimo cha kuuzuia. Ukiamua kutumia 95, shusha gia kabla ya kukanyaga, na uangalie kopo lako la oili limeandikwa nini. Je, programu ya gari lako ni ya kiwandani? Na plagi ulibadilisha lini?

Usukani_Mkali

Ahsanteni nyote. Programu ni ya kiwandani, haijaguswa. Plagi nilizifungua jana baada ya kusoma swali la Fundi na nikaona nafasi ya cheche katika mbili kati yake imepanuka kupita kipimo cha kitabu, kwa hiyo ule uzito wa gia ya tatu huenda haukuwa wa mafuta peke yake. Nimeweka mpya nne.

Nimeamua hivi: safari za kazini, ambazo naanza kabla jua halijachomoza na ambazo sikanyagi kwa fujo, nitatumia 95. Nikikaribia safari ndefu ya joto, au siku ya kwenda kwenye uwanja wa mbio, nitaacha tangi lishuke mpaka robo ndipo nijaze 98, tena siku moja kabla, ili kompyuta ipate muda wa kurudisha cheche mahali pake. Nitapima upya matangi manne kwa manne nikiwa na plagi hizi mpya na kuleta namba hapa.

Tangi la leo ni la 95. Redio nimeizima, na kioo nimekishusha nisikilize kama kuna kayamba.